Bonsai Yangu ya Bogenvilia na Harusi ya Binti Yangu



Siku aliyopambwa binti yangu nyumba ilijaa asumini, rehani na moshi wa udi, na katikati ya mazuri yote hayo, juu ya kimeza karibu na kiti cha bibi harusi, palikuwa na chungu kipana chenye kigogo kikavu kisicho na jani hata moja. Wageni walikitazama kwa adabu, wakageuza macho. Wifi yangu akanivuta pembeni akaniuliza kama nimesahau kukiondoa. Sikusahau. Mwaka mzima nilikuwa nikijisifu kwamba siku ile kitakuwa kimefunikwa maua ya zambarau, na aibu ya kukiweka pale kikiwa kikavu niliiona ndogo kuliko aibu ya kukificha. Tangu siku hiyo watu hawaishi kuniuliza habari zake, na baadhi ya mabibi harusi wanataka na wao wawe nacho. Basi nitaeleza chote, pamoja na makosa yangu.

Kigogo kile kilitoka mlangoni kwa marehemu mama yangu, Mpendae. Mama hakuwa akiuita mti ule bogenvilia. Alisema "maua ya karatasi", kwa sababu yakianguka hayanyauki kama waridi. Hubaki na rangi yake yakichakarika chini ya miguu uwani. Mti ulikuwa umepanda mpaka juu ya bati. Sisi watoto tulichomwa na miiba yake kila asubuhi ya kufagia, na tulidhani tunauchukia.

Mama alipofariki tulibaki warithi watatu, kaka yangu, dada yangu na mie. Hesabu ya mirathi haikuwa na ugumu wowote: nyumba ni mafungu manne, mawili ya kaka na moja moja letu sie wanawake, kama ilivyo katika Surat an-Nisaa, na hapo sina neno. Kilichoniuma ni haraka. Kaka alitaka nyumba iuzwe wakati mie bado siwezi kuingia chumbani kwa mama bila kulia, na sikuwa na fedha za kununua fungu lake. Tulirushiana maneno nisiyopenda kuyaandika. Mnunuzi akasema atavunja ukuta wa mbele apate pa kuegesha gari. Mti ungeondoka pamoja na ukuta.

Mie naishi ghorofani, Michenzani. Sina hata shibiri moja ya ardhi. Nina roshani inayopata jua tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, basi. Mti wa kupanda juu ya paa ningeuweka wapi? Binti yangu ndiye aliyenionesha kwenye simu picha za bonsai za bogenvilia kutoka India na Thailand: shina nene lililokunjamana kama mguu wa bibi kizee, urefu wa dhiraa moja tu, na juu yake kichaka cha maua. Akaniambia, "Mama, si lazima tuchukue mti. Tuchukue shina."

Nikampigia kaka simu, mara ya kwanza baada ya miezi miwili. Sikumwomba msamaha, wala yeye hakuniomba. Nilimwambia nataka kisiki cha maua ya karatasi. Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, nikamkuta uwani kwa mama na jembe, sururu na msumeno, kanzu kaifunga kiunoni. Alichimba peke yake mpaka jua likapanda. Miiba ilimchana mikono na hakuniachia nishike jembe. Tulipata visiki viwili, kwa kuwa mti ulikuwa umetoa mashina mawili toka chini. Nikampelekea chai, akanywa akiwa amesimama, akaondoka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Bonsai ni neno la Kijapani. Bon ni chombo kifupi kama sinia, sai ni kilichopandwa. Wajapani nao kazi hii waliipata kwa Wachina. Watu wengi hudhani ni aina ya mti, au kuna mbegu maalumu ya miti mifupi, na wapo wanaouziwa mbegu hizo. Hakuna. Ni mti wa kawaida ambao ungeachwa ardhini ungekuwa mkubwa kama wenzake. Kinachoufanya uwe mdogo ni kukatwa matawi na mizizi kila mara, na kuishi kwenye udongo mchache.

Na bogenvilia si mti wa kwetu, ingawa tumeuzoea hadi tunadhani umezaliwa Unguja. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Umepewa jina la Louis Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa ambaye safari yake ya kuizunguka dunia ilianza 1766 ikamalizika 1769. Mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, ndiye aliyeuandika walipofika Rio de Janeiro. Msaidizi wa Commerson alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejivika nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa merikebuni. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia, na wakati wanaume wakipewa majina ya maua yeye alikuwa akibeba mizigo. Miiba ikinichoma huwa namkumbuka.

Kisiki kikishatoka ardhini kikatwe kifupi. Changu tulikiacha dhiraa moja, na mizizi tukaikata iweze kuingia kwenye ndoo. Pale palipokatwa na msumeno tukapaka gundi ya mbao, maana mti huu ni laini ndani na maji yakiingia kwenye kidonda unaoza. Kosa la wengi ni udongo. Wanachukua udongo mzito wa shambani wanaujaza kwenye chungu, mizizi inakaa majini, inaoza. Mie nachanganya mchanga mnene, vipande vya matofali vilivyovunjwa kama punje za mbaazi, na mboji kidogo. Mchanga wa pwani una chumvi. Usiutumie, na ukilazimika uoshe kwa maji matamu mara nyingi. Ukimwagia, maji yatoke chini hapo hapo. Na chungu kiwe na matundu! Nimeona vyungu vya thamani, vya zawadi za harusi, vimepandwa miti bila tundu hata moja.

Visiki vyote viwili nikaviweka kivulini, nikavifunika kwa nailoni iliyotoka kwenye godoro jipya ili unyevu usipotee. Baada ya wiki nne vikatoa vichipukizi vyekundu vyekundu. Nilipiga kigelegele peke yangu roshani, jirani akachungulia. Sikujua kwamba kisiki kinaweza kuchipua kwa akiba iliyomo ndani ya shina kabla hakijapata mzizi mpya hata mmoja. Nikataka kuhakikisha kama kimeshika. Nikakishika kimoja, nikakitikisa kidogo tu, nikasikia kitu kama uzi unakatika. Mizizi michanga ya bogenvilia haivumilii kuguswa. Siku kumi baadaye majani yakasinyaa, nilipokifukua nikakuta vizizi vyeupe vimekatika na chini kumeanza kuoza.

Nililia zaidi kuliko inavyostahili mti. Kisiki cha pili sikukigusa miezi mitano. Nilikuwa namwagia maji na kupita.

Jirani yangu aliponiona mwaka wa pili na mkasi na waya akaniambia natesa kiumbe, tena nabadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Maneno yale yalinikaa moyoni, nikayapeleka kwa ustadha wetu wa darsa. Akacheka. Akasema, "Mhina mnaukata kila harusi mpaka unabaki vijiti, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza." Kisha akatukumbusha wakulima wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende kwa mikono yao, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akawaachia ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Kupogoa mti ni katika ujuzi huo, akasema. Lakini akaniwekea sharti: kilichofungwa hakiwezi kwenda kujitafutia. Mti wa ardhini hupeleka mizizi yake kwenye maji. Wa chungu unakungoja wewe. Akamtaja yule mwanamke aliyemfunga paka. Ikabidi ninyamaze. Nilimuuliza pia kama naweza kutaraji thawabu, kwani tumefundishwa kwamba anayepanda kitu kikaliwa na mtu, ndege au mnyama huandikiwa sadaka. Bogenvilia haliwi na mtu, ila viwavi walikuwa wameshakula majani yangu msimu mzima. Akasema Allah ndiye ajuaye, usiwahesabie viwavi.

Kuupa mti umbo kunahitaji waya. Unaofaa zaidi ni wa alumini kwa sababu ni laini. Mie nilitumia wa shaba kutoka kwa fundi umeme, nikauvua ganda. Tawi la bogenvilia linakubali kupindwa likiwa bado la kijani, linaanza tu kukaza. Likishakuwa gumu litapasuka mkononi mwako. Unauzungusha waya kwa mshazari, usibane, halafu unalipinda tawi polepole kwa vidole huku dole gumba likilishikilia pale linapojikunja. Baada ya hapo ukague kila wiki mbili. Wakati wa mvua tawi hunenepa upesi, na waya usipotolewa unaingia ndani ya gome.

Haya nilikuwa nayajua. Lakini mwaka ule mawazo yangu yalikuwa kwingine. Binti yangu ni kitindamimba. Baba yake alifariki yeye akiwa bado yuko madrasa, wakubwa zake wakaolewa mmoja mmoja, tukabaki wawili. Posa ikaja kutoka Wete, familia ya watu wa dini, kijana mwenyewe mpole na ana kazi. Nikasema asubiri, binti amalize stashahada yake. Akamaliza. Nikasema tusubiri nyumba ipakwe rangi. Ikapakwa. Nikasema kwa nini Pemba, mwanangu, wakati Unguja imejaa wanaume? Kila mara nilisema naswali istikhara. Niliiswali kweli, nikapata utulivu, na bado nikaendelea kutafuta sababu. Yule kijana hakulalamika hata siku moja, na ningependa alalamike nipate la kumshika.

Jioni moja alikuwa akimwagia maji roshani, mie niko ndani napembua mchele. Akaniita. "Mama, huu waya utautoa lini? Umeshaingia ndani."

Nikatoka kuangalia. Tawi la chini, lile zuri kuliko yote, lilikuwa limevimba kila upande wa waya kama kidole chenye pete ndogo. Hakusema jengine, wala sijawahi kumuuliza kama alikuwa anazungumzia mti tu. Waya uliozama hauzungushwi kuutoa, utavunja tawi. Unakatwa kipande kipande kwa koleo. Tulikaa chini mpaka magharibi, yeye ameshika tawi, mie nakata. Kovu lipo mpaka leo, limelizunguka tawi kama nyoka. Wiki ile ile nikawapigia simu ami zake kijana waje tupange tarehe. Tukakubaliana Mfunguo Mosi.

Hapo ndipo lilipoingia jengine. Kwa vile nilikuwa nimekubali, nilitaka harusi iwe na kitu cha mama yangu, na nikaamua bogenvilia ichanue siku hiyo. Namna ya kuichanulisha iko hivi. Maua hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo unapunguza ncha zote miezi miwili kabla. Unaacha samadi, kwani samadi nyingi inaleta majani tu. Unaupa mti jua la kutosha, saa sita kwa siku au zaidi. Na unapunguza maji: unangoja majani yalegee kidogo, ndipo unamwagia, tena kidogo. Bogenvilia huchanua pale inapobanwa na ukame. Ndiyo maana visiwani kwetu inawaka wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari, na tena kusi likitulia baada ya mvua.

Mtaona tatizo. Mfunguo Mosi huo uliangukia ndani ya masika. Nilipunguza ncha katika Ramadhani, na mvua ikaanza, na roshani yangu inarowa. Udongo haukukauka siku nne mfululizo, majani yakastawi kijani kama mchicha. Nikauingiza ndani kuuepusha na mvua; ndani nako hamna jua. Wiki tatu kabla ya harusi nikafanya lile ambalo ustadha aliniambia nisifanye. Nikaacha kabisa kuumwagia maji. Niliyaona majani yakilegea, nikajiambia bado. Yakajikunja, nikajiambia bado kidogo. Wageni, ushonaji, siku ya singo, mchele wa biriani, kila siku nilipita mbele ya chungu na nilijua kina kiu. Majani yakaanguka yote usiku mmoja.

Niliumwagia maji usiku huo huo nikilia, binti yangu ana hina mbichi mikononi hawezi hata kunishika. Alisema tu, "Uweke pale pale, Mama. Ni wa bibi." Ndivyo kilivyokaa karibu na kiti chake. Siku ya pili ya fungate niliukwaruza gome kwa ukucha, chini yake kulikuwa kijani. Nikasema alhamdulillah, nikautoa nje kwenye jua na kuacha mvua ifanye kazi yake. Yeye akaenda Wete.

Enyi mabibi harusi mnaotaka maua ya chunguni siku yenu, basi: kama tarehe iko kwenye masika, wekeni asumini. Kama iko wakati wa jua, kausheni udongo kwa kiasi, na mti wenyewe uingie ndani siku ile tu, urudi nje kesho yake. Bogenvilia si pambo la sebuleni. Ukikaa ndani wiki mbili unapukutisha.

Majani mapya yalitoka baada ya wiki mbili. Mvua ilipokwisha na upepo wa kusi ukaingia, ncha zikaanza kubadilika rangi, kwanza kama zimepauka, kisha zambarau. Ule usiku wa kuamkia Idi ya Mfunguo Tatu hapakuwa na tawi lisilo na ua, hata lile lenye kovu. Binti yangu alikuja kula Idi na mumewe. Mkwe wangu akainama akayatazama kwa karibu, akaniuliza kwa nini ndani ya kila ua kuna kengine kadogo keupe. Nikamweleza kwamba hako ndiko ua lenyewe. Hayo ya zambarau tunayoyasifu ni majani yaliyobadilika rangi. Akasema hakuwa akijua. Wala mama yangu hakujua, na aliyafagia miaka arubaini.

Kaka naye alikuja mchana, kama anavyokuja kila Idi tangu siku ya kuchimba. Hatuzungumzi mengi. Alisimama roshani na kikombe chake cha kahawa, akauliza, "Haya ndiyo ya mama?" Nikamwambia ndiyo. Akaokota yaliyoanguka sakafuni, matatu au manne, akayatia mfukoni mwa kanzu, na hakuna aliyemwambia kitu.

Kabla ya kurudi Pemba binti yangu alikata vijiti vitatu vya unene wa kalamu, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akapanda navyo boti. Viwili vimekufa. Kimoja kimechipua, amenitumia picha yake juzi, kiko kwenye kopo la maziwa alilolitoboa matundu matano. Ameapa hajakitikisa.